Watoto Wawasaidiao Watoto: Utoto Mtakatifu na Utume kwa Watoto Maskini wa Tunduma

Kwa waamini wengi wa parokia zetu, watoto wa Utoto Mtakatifu ni wale wanaocheza kwa madaha mbele ya Altare wakati wa wimbo wa Utukufu na wakati wa kupeleka vipaji, wakiwa wamevaa sare safi na nyuso zao ziking'aa. Ni picha nzuri, wala hatuibezi. Lakini inapofika Sherehe ya Tokeo la Bwana, yaani Epifania, na visanduku vya sadaka ya watoto vinapoletwa mbele, huibuka swali ambalo tumelisikia mara nyingi nje ya milango ya makanisa, hasa huku mpakani: Mama Kanisa anapataje ujasiri wa kupokea shilingi mia kutoka kwa mtoto ambaye asubuhi ile hakunywa hata uji? Na swali la pili hulifuata la kwanza kama kivuli: kwa nini sadaka hiyo iende kuwasaidia watoto wa mbali, wakati watoto wa Majengo, Sogea na Kaloleni wanalala njaa?

Hayo ni maswali ya haki, na anayeyauliza si adui wa Kanisa. Katika makala haya tunajaribu kuyajibu kwa kueleza shirika hili limetoka wapi, linafanya kazi namna gani, na linaweza kuwa nini kwa watoto wa Tunduma na wa Mkoa mzima wa Songwe.

Tuanze na mahali penyewe. Mkoa wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya, makao yake makuu yakiwa Vwawa, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu ndani yake wakazi zaidi ya milioni 1.3. Una Mbozi ya kahawa na mahindi, Ileje ya milima, Momba ya mpunga na joto la Bonde la Rukwa, na Wilaya ya Songwe yenye machimbo madogo madogo ya dhahabu. Tunduma ndio mlango wake. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam na reli ya TAZARA zote hupitia hapa kabla ya kuingia Zambia. Ng'ambo tu ya mstari kuna mji wa Nakonde, na tangu mwaka 2019 pande mbili hizi zinahudumiwa na kituo cha pamoja cha forodha. Wanyamwanga walioko huku ni ndugu wa walioko kule, harusi na misiba huvuka mpaka kila juma, na shilingi na kwacha hukaa katika mkoba mmoja wa mama muuza nyanya.

Umaskini wa mpakani una sura yake. Katika kijiji cha mbali mtoto hushinda njaa pamoja na majirani zake, na mvua ikinyesha vizuri wote hushiba. Tunduma mtoto hushinda njaa pembeni ya lori lililobeba mali ya mamilioni, ambalo limesimama kwenye foleni likisubiri kuvuka. Fedha nyingi hupita mjini hapa, lakini nyingi hupita tu. Baba mwingine ni dereva aliyekaa siku nne kisha akaendelea na safari. Mama anauza chakula usiku kwa sababu usiku ndipo wateja walipo. Bibi kizee aliyeletewa wajukuu watatu hana shamba, kwa kuwa shamba alikwisha kuliacha Momba au Mbozi. Ndiyo maana tunawaona watoto wakitembea kando ya foleni ya malori na beseni la mayai ya kuchemsha au karanga, wengine wakisukuma toroli, wengine wakibeba vifurushi vya wafanyabiashara kupitia njia za panya, maana mtoto hakaguliwi sana. Wengine husimama na madumu kusubiri maji, jambo ambalo wakazi wa Tunduma hawahitaji kuelezwa. Kwenye machimbo ya Wilaya ya Songwe wapo wanaoponda mawe na kushika zebaki kwa mikono mitupu. Na Mbozi, msimu wa kuchuma kahawa ukifika, madawati ya shule huanza kuwa na nafasi.

Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 Serikali ilifuta ada katika shule zake kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne, na wazazi wengi waliokuwa wamekata tamaa walipata nafuu kubwa. Lakini ada ilikuwa sehemu tu ya gharama. Sare, viatu, madaftari, kalamu na mchango wa chakula cha mchana vimebaki mikononi mwa familia, na mtoto aliyerudishwa nyumbani mara mbili kwa kukosa viatu, mara ya tatu harudi tena shuleni, huenda barabarani.

Lilikotoka shirika hili

Mwaka 1843 Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, nchini Ufaransa, alikuwa mtu aliyeonja kushindwa. Mapinduzi ya mwaka 1830 yalikuwa yamemfukuza jimboni mwake, naye hakupata kurudi kuliongoza. Alikuwa amesafiri Amerika ya Kaskazini akihubiri, na moyoni mwake zilibaki barua za wamisionari wa China zilizosimulia habari za watoto wachanga waliotupwa na kufa bila Ubatizo na bila mlezi. Aliposhauriana na Pauline Jaricot wa Lyon, yule mwanamke mlei aliyeanzisha Shirika la Uenezaji Imani mwaka 1822 kwa kukusanya senti za wafanyakazi, wazo likakomaa: wanaoweza kuwaokoa watoto wa dunia ni watoto wenyewe. Pauline Jaricot alitangazwa Mwenyeheri tarehe 22 Mei 2022. Askofu alifariki mwaka 1844, mwaka mmoja tu baada ya kuanzisha kazi hiyo, asijue itafika wapi.

Alichowaomba watoto wa Ufaransa kilikuwa kidogo sana: Salamu Maria moja kila siku, na sarafu moja ndogo kila mwezi. Waligawanywa katika vikundi vya watoto kumi na wawili kumi na wawili, kwa heshima ya miaka ya utoto wa Bwana. Miongoni mwa walioandikishwa baadaye alikuwa Mtakatifu Theresia wa Mtoto Yesu, angali msichana mdogo. Tarehe 3 Mei 1922 Papa Pio XI alilifanya kuwa Shirika la Kipapa, na mwaka 1950 Papa Pio XII akaagiza kuwe na siku maalumu ya shirika hilo kwa Kanisa lote. Siku hiyo ikapangwa iwe Epifania. Leo ni moja ya Mashirika manne ya Kipapa ya Kimisionari, pamoja na la Uenezaji Imani, la Mtakatifu Petro Mtume linalosaidia malezi ya mapadre, na Umoja wa Kimisionari.

Tunapenda msomaji atulie kidogo kwenye jambo lifuatalo, kwa sababu mara nyingi husimuliwa kana kwamba historia hii ni ya Wazungu peke yao. Sarafu zile za watoto wa Ulaya zilifika katika pwani yetu mapema sana. Wamisionari Wakatoliki walipofika Zanzibar mwaka 1860, na Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misioni ya Bagamoyo mwaka 1868, kazi yao kubwa ya kwanza ilikuwa kuwakomboa watumwa, wengi wao wakiwa watoto, na sehemu ya fedha za kuwakomboa na kuwatunza watoto hao ilitoka kwa Utoto Mtakatifu. Mtoto aliyetekwa katika nchi za bara, aliyetembezwa kwa miguu hadi pwani, alinunuliwa sokoni kwa sarafu za mtoto mwenzake asiyemjua. Kisha tarehe 20 Novemba 1890 Papa Leo XIII, akiitikia kilio cha Kardinali Lavigerie dhidi ya biashara ya utumwa, aliagiza kwamba kila mwaka siku ya Epifania makanisa yote duniani yakusanye sadaka kwa ajili ya ukombozi wa watumwa wa Afrika. Sherehe ya Mamajusi ikawa, kwa namna ya pekee, sherehe ya mtoto wa Kiafrika aliyefungwa.

Hata hivyo, hatupaswi kuipamba historia hiyo kupita kiasi. Watoto wa Bagamoyo walikombolewa, lakini hawakuulizwa walitaka kwenda wapi. Walifanya kazi nyingi za shamba, walipangiwa maisha yao hadi ndoa zao, na wapo waliotoroka. Wamisionari waliwapenda, hilo halina shaka, na wengi wao walikufa kwa homa wakiwatumikia. Lakini kumpenda mtoto na kumsikiliza ni mambo mawili, nasi tunaokosoa ya jana huenda tunarudia kosa lile lile leo tunapompangia mtoto msaada bila kumuuliza neno.

Ng'ambo nyingine ya historia hiyo yuko Adrian Atiman. Alizaliwa katika miaka ya 1860 karibu na Timbuktu, katika nchi ambayo leo ni Mali. Alitekwa angali mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa, na huko Algeria akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe. Walimsomesha, akabatizwa, wakampeleka Malta kusomea udaktari. Mwaka 1889 aliwasili Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, akiwa daktari na katekista. Alioa huko huko, mwanawe akawa padre, naye mwenyewe akaendelea kuwatibu na kuwafundisha watu wa Karema hadi alipofariki mwaka 1956. Ni zaidi ya miaka sitini na mitano katika kituo kimoja! Tunamtaja kwa sababu Karema si mbali nasi kiroho: Injili iliingia Bonde la Rukwa ikitokea upande wa Karema na Ufipa, misioni kongwe ya Galula katika Wilaya ya Songwe ikiwa shahidi, na eneo letu lilikuwa sehemu ya vikarieti ya Tanganyika hadi mwaka 1932 lilipotengwa na kuwa misioni ya Tukuyu, ambayo baadaye ikawa Jimbo la Mbeya na, tangu Desemba 2018, Jimbo Kuu. Mtoto aliyenunuliwa sokoni alirudi Afrika akiwa baba wa wengi. Hapo ndipo jibu la swali letu la kwanza linapoanzia.

Je, mtoto maskini atoe?

Injili ya Yohane inatuonyesha umati wenye njaa, mitume waliokwisha kupiga hesabu na kuona haiwezekani, na kijana mmoja mwenye mikate mitano ya shayiri na samaki wawili. Shayiri ulikuwa mkate wa maskini. Bwana hakumwambia kijana yule aufiche mkate wake kwa kuwa yeye ni mdogo na anauhitaji. Aliupokea, akashukuru, na kijana yule bila shaka alikula akashiba pamoja na wengine. Wala mjane aliyetia senti zake mbili hekaluni hakuzuiwa. Mtu aliye maskini akinyimwa nafasi ya kutoa, anabakizwa kuwa mpokeaji siku zote, na mpokeaji wa siku zote hupoteza polepole hisia ya kuwa ni mtu miongoni mwa watu. Mtoto wa Tunduma amekwisha kufundishwa na mji kwamba yeye ni wa kutumwa, kufukuzwa au kuhurumiwa. Utoto Mtakatifu unamwambia jambo jipya: wewe ni mmisionari, kuna mtoto mahali fulani anayehitaji sala yako.

Lakini jibu hilo linasimama tu ikiwa masharti yake yanatunzwa. Sala ndiyo inayotangulia, na mtoto anayetoa Salamu Maria yake bila sarafu ni mwanachama kamili, hapungukiwi kitu. Sarafu, ikiwepo, itokane na kujinyima kidogo: pipi moja, kashata moja. Isitokane na kudaiwa. Hapa lazima tuseme wazi lililo moyoni. Tumewahi kuhudhuria Epifania ambapo majina ya watoto yalisomwa kwa sauti pamoja na kiasi alichotoa kila mmoja, makofi yakipanda na kushuka kulingana na tarakimu. Mtoto mmoja aliyeitwa akiwa na shilingi hamsini alikwenda mbele akiwa ameinamisha kichwa, na hatukumwona tena kikundini. Walezi walikuwa na nia njema. Nia njema haikutosha. Mashindano ya aina hiyo yanafaa harambee ya watu wazima, na hata huko tuna mashaka nayo.

Sadaka inakokwenda

Swali la pili linahitaji maelezo ya kiutaratibu. Sadaka ya watoto ikikusanywa parokiani hupelekwa kwa mkurugenzi wa jimbo wa Mashirika ya Kipapa, na kutoka huko huingia katika ofisi ya kitaifa. Haibaki parokiani, kwa sababu ni sehemu ya mfuko wa mshikamano wa Kanisa zima. Kila mwaka wakurugenzi wa kitaifa kutoka mataifa yote hukutana Roma katika mkutano mkuu, na hapo maombi yaliyotumwa kutoka majimbo ya kimisionari hupitiwa na mgao kupangwa: shule ya awali hapa, kituo cha watoto yatima pale, mafundisho ya katekesi kwingine, matibabu au lishe kwingineko. Jimbo huomba kupitia kwa Askofu wake, likieleza mradi, idadi ya watoto na gharama, na baadaye hutoa taarifa ya matumizi.

Maana yake ni kwamba mfereji huu una midomo miwili. Afrika hutoa na hupokea. Jimbo lenye mahitaji kama letu lina haki ya kuomba, na parokia inayonung'unika kwamba sadaka inakwenda mbali ingefanya vema kwanza kuuliza kama imewahi kuandika ombi lolote. Kuandika mradi ni kazi: unahitaji kujua watoto wako ni wangapi, wanaishi wapi, na wanakosa nini hasa. Tunaogopa kwamba parokia nyingi hazina majibu hayo, si kwa ukosefu wa upendo, bali kwa sababu hakuna aliyekwenda kuhesabu.

Zaidi ya hayo, sadaka ya Epifania haikukusudiwa kuchukua nafasi ya wajibu wetu wa nyumbani. Mtoto wa jirani anayelala njaa ni wa jirani yake. Halazimiki kusubiri mgao wa Roma, wala sisi hatuwezi kujificha nyuma ya kisanduku cha watoto. Kwa ajili yake kuna Caritas ya parokia, kuna WAWATA, na kuna chombo ambacho Maaskofu wa Afrika Mashariki walikipa kipaumbele tangu miaka ya 1970, yaani Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo.

Jumuiya inayomjua mtoto kwa jina

Faida kubwa ya jumuiya ni kwamba familia zake ni chache na zinaishi jirani. Paroko wa mji kama Tunduma, ambako wapangaji huhama kila mwezi, hawezi kumjua kila mtoto. Mwenyekiti wa jumuiya anaweza. Anajua kwamba nyumba ya tatu kutoka kisimani kuna watoto wanne na hakuna mtu mzima tangu juzi. Anajua kwamba binti fulani ameacha kuja mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Kwa hiyo kikundi cha Utoto Mtakatifu kinachofaa kwa mazingira yetu ni kile kinachofungamana na jumuiya, ambapo mlezi na mwenyekiti huzungumza, na watoto wenyewe huwa macho ya kwanza ya Kanisa. Watoto hujua mambo. Wanajua nani hakuja shule na kwa nini, nani amelala sokoni, nani ana alama za fimbo mgongoni. Mlezi mwenye masikio hupata katika nusu saa ya michezo habari ambazo kamati ya watu wazima isingezipata kwa mwaka.

Kutoka hapo mambo ya kufanya si makubwa, ingawa yanahitaji uvumilivu. Jozi ya viatu iliyotolewa mwezi Januari, kabla mtoto hajarudishwa nyumbani, ina thamani kuliko sanduku la zawadi la Noeli linalokabidhiwa mbele ya kamera. Tunaomba jambo hili lieleweke: picha ya mtoto akipokea daftari, ikisambazwa katika makundi ya simu kwa jina lake na hali ya mama yake, ni deni analolipa mtoto huyo kwa miaka mingi. Msaada utolewe kwa mama au bibi yake, jioni, bila hotuba.

Kuna suala la cheti cha kuzaliwa. Watoto wengi wa mpakani waliozaliwa safarini, au waliozaliwa na wazazi wa mataifa mawili, hawana karatasi yoyote inayosema wao ni nani. RITA hukipokea cheti cha ubatizo kuwa mojawapo ya nyaraka za kuthibitisha kuzaliwa kwa mtu aliyechelewa kuandikishwa. Hivyo daftari la Ubatizo linalotunzwa vizuri na katekista, lenye tarehe sahihi na majina ya wazazi yaliyoandikwa bila kubahatisha, ni huduma ya haki kwa mtoto maskini, na tunawashukuru makatekista wa vigango ambao wamelitunza hivyo hata mahali ambapo paa huvuja.

Wasichana wanahitaji neno lao. Katika mji wa malori binti wa miaka kumi na minne anayeuza karanga usiku yuko hatarini, na kila mtu analijua hilo ingawa husemwa kwa kunong'ona. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wanafunzi walioacha masomo kwa sababu ya ujauzito warudi shuleni. Mlango huo ukiwa wazi, parokia isiwe mahali ambapo binti huyo anaona aibu kuingia. Mtoto wake abatizwe kama wengine, naye arudishwe katika mafundisho na katika darasa.

Sheria nayo iko upande wetu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka kumi na minane, inakataza kazi za unyonyaji, na inampa kila mwanajamii mwenye ushahidi kwamba haki ya mtoto inavunjwa wajibu wa kutoa taarifa katika mamlaka ya serikali za mitaa. Neno ni wajibu. Kwa mpakani hilo lina uzito wa pekee, kwa kuwa mtoto anayeambiwa kwamba kuna kazi nzuri ya ndani Lusaka au Dar es Salaam huweza kupotea ndani ya siku moja. Mzee wa jumuiya akiona mtoto mgeni akisafirishwa na mtu ambaye hawezi kueleza undugu wao, asiseme hayamhusu. Afisa ustawi wa jamii yupo, Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi lipo, na namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto haitozwi gharama.

Na ulinzi huo uanzie ndani ya nyumba yetu wenyewe. Waraka wa Baba Mtakatifu Fransisko wa Mei 2019, Vos estis lux mundi, uliagiza kila jimbo liwe na utaratibu wa wazi wa kupokea taarifa za unyanyasaji unaofanywa na watumishi wa Kanisa. Kwa mlezi wa Utoto Mtakatifu hili lina matokeo ya kawaida kabisa: asikae na mtoto peke yake mahali pa faragha, safari za watoto ziwe na walezi wawili au zaidi, wazazi wajue ratiba, na fimbo ibaki nje ya kikundi. Mlezi ambaye anaona masharti haya ni dharau kwake, huyo bado hajawa tayari kukabidhiwa watoto.

Pengine tuongeze kwamba hatuko peke yetu katika shamba hili. Ndugu zetu wa Kanisa la Moravian wamekuwepo Mbozi tangu mwishoni mwa karne ya 19, na madhehebu mengine ya Tunduma yana vituo vya watoto vinavyofanya kazi njema. Mtoto aliyepata chakula kwa jirani yetu Mmoravian amepata chakula. Mahali ambapo wachungaji, mapadre na masheikh wa mtaa mmoja wanakutana na mtendaji wa kata kuzungumzia watoto walioacha shule, orodha huwa moja na mtoto hasaidiwi mara mbili huku mwenzake akisahauliwa.

Mwinjili Matayo anasimulia kwamba baada ya Mamajusi kuondoka, Yosefu aliamka usiku, akamchukua mtoto na mama yake, akavuka mpaka kwenda Misri. Masimulizi ya Epifania na ya Mashahidi Watoto, tunayemkumbuka kila mmoja wao tarehe 28 Desemba, yamefungamana katika sura moja. Watu wa Tunduma wanaweza kuisoma sura hiyo vizuri kuliko wengi: familia inayofika mpakani usiku, isiyo na karatasi, yenye mtoto mdogo na hofu ya mtu mwenye nguvu nyuma yake. Mara nyingi watoto wanapoigiza habari hiyo kanisani, Yosefu huwa na kirago begani na Maria amemfunga mtoto mgongoni kwa kitenge, kama wanavyoona kila siku barabarani, na hakuna aliyewafundisha kufanya hivyo.

Kwa walezi wanaojiandaa kwa Epifania ijayo, tunapendekeza utaratibu ambao tumeuona ukifanya kazi vizuri. Visanduku vyote vimwagwe katika kapu moja kabla ya kufika Altareni, ili isijulikane nani alileta nini. Baada ya Misa, fedha zihesabiwe mezani mbele ya watoto wenyewe, mkubwa mmoja akiandika ubaoni na wadogo wakipanga sarafu kumi kumi. Jumla ikipatikana, itangazwe kwa kikundi kizima, barua ya kuikabidhi jimboni iandikwe hapo hapo, na mtoto aliyekuja mikono mitupu awe miongoni mwa wanaoitia sahihi. Kisha wapate uji, wote, ulioandaliwa na akina mama wa jumuiya iliyo karibu. Na uji huo uwe wa kutosha, maana kuna watakaoomba kikombe cha pili wapeleke nyumbani.